Binti Watano Mlangoni

SOMO LA 8

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Hesabu 27:1–11, Yoshua 17:3, 4, Mithali 31:10–31, Ruthu 2, 2 Samweli 13:1–22, Malaki 2:13–16, 2 Wafalme 8:1–6, Matendo 6:1–7.

Fungu la Kukariri: Hesabu 27:7. Lisome katika Biblia yako, kisha darasa zima likariri pamoja. Katika fungu hili Mungu mwenyewe anatoa hukumu juu ya madai ya wanawake watano. Anatamka kwamba madai yao ni ya kweli, na kwamba lazima wapewe milki miongoni mwa ndugu za baba yao.

Ukitoka Kibiti mjini na kushuka hadi Nyamisati, nchi kavu inakwisha na maji yanaanza. Hapo watu hupanda boti za kwenda Mafia na mitumbwi ya kwenda visiwa vya delta. Mto Rufiji, kabla ya kuingia baharini, unagawanyika mikono mingi, na katikati ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 50,000, ulio mkubwa kuliko wowote mwingine katika pwani ya Afrika Mashariki. Huko wanawake hupanda mpunga, husuka mikeka ya miyaa, hununua kamba na kaa kwa wavuvi na kuwauza. Nchi ya juu, huko Bungu, Jaribu na Kibiti, wanawake huokota korosho, huuza chakula kando ya barabara ya Kilwa, na wengine wamefika wakifuata ng’ombe wa waume zao kutoka mikoa ya mbali.

Makanisa yetu katika wilaya hii ni madogo, na siku ya Sabato wanawake ndio wengi kwenye viti. Juma hili tunajifunza jambo moja. Mungu hamhurumii mwanamke tu, bali humpa haki yake, na huwaagiza viongozi wa watu wake waiandike, wailinde na waitekeleze. Kanisa linalotoa nguo na unga lakini linanyamaza mwanamke anaponyang’anywa shamba au anapopigwa halijamaliza kazi iliyowekwa mlangoni pake.

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato.*

JUMAPILI

Mazao ya Mikono Yake

Soma Mithali 31:10–31. Orodhesha kazi zote anazofanya mwanamke huyu. Ni zipi zinazohusu mali, ardhi na biashara? Aya ya mwisho inaagiza apewe nini?

Mara nyingi sura hii husomwa kwenye arusi kama sifa ya mke anayeamka mapema. Lakini isome tena polepole. Katika aya ya 16 mwanamke huyu analichunguza shamba, analipata, kisha anapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Katika aya ya 24 anauza bidhaa kwa wafanya biashara. Sura inafungwa kwa agizo: apewe mazao ya mikono yake, na kazi zake zimsifu malangoni. Katika Israeli lango la mji halikuwa mahali pa kupita tu. Hapo wazee waliketi kuamua mashauri ya ardhi, deni na urithi. Kusifiwa malangoni ni kutambuliwa mahali ambapo maamuzi hufanyika.

Sasa mtazame mkulima wa mpunga wa bonde la Rufiji. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali ilihamisha watu kutoka bondeni na kuwaweka katika vijiji vya nchi ya juu. Nyumba zilihama, lakini udongo wenye rutuba ulibaki bondeni. Tangu hapo kaya nyingi hulima mbali na nyumbani. Mpunga unapoanza kuchanua, mama hupanda dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo, akakaa humo wiki nyingi na watoto wake wadogo akiamia ndege mchana na kufukuza nguruwe pori usiku. Maji yanapopungua, hupanda mazao ya mlau kwenye tope lililobaki. Yeye hupanda, hupalilia, huvuna, hupura na hupepeta.

Gunia likishashonwa, nani huzungumza na mnunuzi? Katika nyumba nyingi ni mume, na mama huanza kuomba hela ya sabuni kutoka katika jasho lake mwenyewe. Kwa korosho ni vivyo hivyo: malipo huingia katika akaunti ya mkulima aliyesajiliwa kwenye chama cha ushirika. Ikiwa jina ni la mume peke yake, basi katika macho ya chama mke hakuokota hata punje moja.

Sheria ya nchi imekwisha kuona jambo hili. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Halmashauri za wilaya nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Kikundi kikiwa na katiba, usajili na akaunti ya benki kinaweza kuomba. Wanawake wengi wa vicoba wanaweka akiba kila juma lakini hawajawahi kusaidiwa kuandika katiba, na kuandika ni kazi ambayo karani yeyote wa kanisa anaiweza.

Je, katika nyumba yako nani anajua mavuno yaliuzwa kwa bei gani? Kama si wote wawili, ni nini kinachozuia?

JUMATATU

Mlangoni pa Hema

Soma Hesabu 27:1–11. Binti za Selofehadi walisimama mbele ya akina nani? Hoja yao ilikuwa nini? Musa alifanya nini kabla ya kujibu?

Majina yao ni Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Biblia, ambayo mara nyingi hupita majina ya wanawake, inawataja watano hawa zaidi ya mara moja. Wakati huo Israeli walikuwa wasafiri. Nchi haikuwa imegawanywa, na hesabu ya wanaume ndiyo iliyokuwa msingi wa mgawanyo. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume. Kwa desturi, jina lake lingefutika, na binti zake wangebaki kuwa watu wa kuhesabiwa katika nyumba za wengine.

Walikwenda mpaka mlango wa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote. Walieleza hoja kwa utaratibu: baba yetu hakuwa katika uasi wa Kora, hakuacha mwana, kwa nini jina lake liondolewe, tupeni milki. Hawakuomba msaada. Walidai fungu.

Musa hakuwaambia kwamba hiyo si desturi. Hakuwaambia waende wakaombe. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akajibu kwamba wanasema kweli. Kisha hukumu hiyo ikafanywa kuwa sheria kwa Israeli wote (aya 8–11). Sauti ya wanawake watano iliongeza sura katika sheria ya Mungu iliyoandikwa.

Hata hivyo hadithi haikuishia hapo. Soma Yoshua 17:3, 4. Miaka ilipita, Musa alikufa, na nchi ilipoanza kugawanywa, wanawake wale wale walilazimika kusimama tena mbele ya Eleazari na Yoshua na kukumbusha kile Bwana alichoagiza. Haki iliyotamkwa ilihitaji kufuatiliwa ndipo iwe shamba la kweli lenye mipaka.

Hali hiyo inafanana sana na ya Tanzania. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanamume kwa vipimo vile vile. Inasema pia kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke pamoja. Hayo yote yamekwisha kutamkwa. Lakini kama binti za Selofehadi, lazima mtu asimame na kukumbusha.

Upo ugumu ambao kundi lisiufiche. Misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali, na mashamba mengi ya mpunga ya delta yamo ndani yake au kando yake. Shamba la namna hiyo haliwezi kupatiwa hati kirahisi, na mwanamke anayelitegemea yuko hatarini mara mbili: kwa ndugu wa mume na kwa mpaka wa hifadhi. Mwanamke huyo anahitaji sauti katika mkutano mkuu wa kijiji wakati matumizi ya ardhi yanapopangwa. Asipokuwepo, shamba lake litaamuliwa na watu ambao hawajawahi kulala kwenye dungu.

Jambo moja zaidi: katika vijiji vya Kibiti majirani zetu wengi ni Waislamu, nao wamefundishwa katika dini yao kwamba binti ana fungu lake katika mirathi. Hivyo mwanamke anaponyimwa kabisa, mara nyingi dini zote mbili zimevunjwa kwa pamoja. Mzee wa kanisa na imamu wanaweza kusimama upande mmoja katika shauri hili.

Musa alisikiliza, akauliza kwa Mungu, kisha akatenda. Ni hatua ipi kati ya hizo tatu ambayo viongozi wa kanisa lako huiruka?

JUMANNE

Mgeni Shambani kwa Boazi

Soma Ruthu 2:1–23. Boazi alimpa Ruthu mambo gani mbali na nafaka? Kwa nini Naomi anasema maneno ya aya ya 22?

Ruthu alikuwa mjane, maskini na mgeni kutoka Moabu. Sheria ilimruhusu kuokota masazo (Kumbukumbu la Torati 24:19–22), lakini sheria peke yake haikumfanya awe salama. Naomi alijua kinachoweza kumpata mwanamke asiye na ndugu katika shamba la watu. Boazi naye alijua. Ndiyo maana katika aya ya 9 hakumwambia Ruthu ajihadhari na vijana. Aliwaambia vijana wasimguse. Alitoa amri kwa wale wenye nguvu, akiwa mwenye shamba, mbele ya watu. Kisha akaagiza asikemewe wala asiaibishwe (aya 15, 16).

Linganisha na desturi yetu. Msichana akisumbuliwa, tunamshauri abadilishe njia, avae vingine, asichelewe. Mashauri hayo yanaweza kumsaidia kwa leo, lakini hayamfikii kijana anayemsumbua.

Wilaya ya Kibiti imejaa akina Ruthu. Kuanzia 2006, wafugaji walioondolewa katika bonde la Ihefu huko Mbeya walielekezwa mikoa ya kusini na pwani, na wengi wao, Wasukuma na wengineo, walifika Rufiji. Baadhi walikuja na imani ya Kiadventista mikononi, na makundi kadhaa ya Sabato yalianzia katika maboma yao. Lakini mwanamke wa boma hilo ni mgeni mara mbili. Wenyeji humwona kuwa ni wa watu wa ng’ombe waliokula mpunga wao. Ukoo wa mumewe humwona kuwa ni mtu aliyekuja kwa mahari. Mume akifa, ng’ombe wanahesabiwa na mashemeji.

Mwaka 2015 jambo hili lilifika mbali. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka mkoa wa Shinyanga, waliofukuzwa katika nyumba zao na ndugu wa waume waliofariki, walikuwa wameshindwa kupata haki katika mahakama za nchi kwa sababu ya kanuni za sheria ya mila zilizotangazwa 1963. Walipeleka malalamiko yao kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, nayo ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Wajane wawili wa kijijini walisimama, kama wale watano, mlangoni penye wakuu wa mataifa.

Wako wageni wengine: msichana anayehudumu katika mgahawa wa Bungu bila mkataba, mama lishe anayelala kibandani, mwokota korosho wa msimu, binti wa darasa la saba anayepelekwa Dar es Salaam kuwa mfanyakazi wa ndani na hajulikani yuko nyumba ya nani. Wengi wa waajiri hao husali. Baadhi husali nasi.

Soma Mambo ya Walawi 19:33, 34. Amri ya kumpenda mgeni inafungwa kwa ukumbusho kwamba Israeli nao walikuwa wageni. Mwenye shamba, mwenye mgahawa au mwenye nyumba aliye Mkristo anao wajibu wa Boazi: kulipa kwa wakati, kuweka mahali salama pa kulala, na kuwaambia wanaume walio chini yake, kwa maneno yanayosikika, wasimguse.

Kama unaajiri mtu, hata mmoja, je, umewahi kutoa amri kama ya Boazi? Kama bado, utaitoa lini na kwa nani?

JUMATANO

Alipoambiwa Anyamaze

Soma 2 Samweli 13:1–22. Tamari alifanya nini baada ya kutendewa uovu? Absalomu alimwambia nini? Daudi alifanya nini?

Sura hii haisomwi mara nyingi katika ibada, lakini Roho Mtakatifu aliona vema iandikwe. Tamari hakunyamaza. Kabla ya tendo alimkatalia Amnoni na kutoa hoja. Baada ya tendo alirarua vazi lake, akatia majivu kichwani, akaenda akilia kwa sauti. Ni Absalomu, ndugu aliyempenda, aliyemwambia anyamaze kwa kuwa mtendaji ni ndugu yake. Na ni Daudi, mfalme na baba, aliyekasirika sana (aya 21) na kisha asifanye lolote.

Tazama matunda ya ukimya huo. Tamari alikaa ukiwa katika nyumba ya nduguye. Baada ya miaka miwili Amnoni aliuawa. Kisha Absalomu akaasi, na maelfu wakafa. Familia iliyotaka kulinda heshima yake kwa kunyamaza ilipoteza heshima na wana pia.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake wanne katika kila kumi nchini Tanzania, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamewahi kupigwa. Hakuna sababu ya kudhani kwamba hesabu hiyo inaishia nje ya mlango wa kanisa. Chukua mfano wa mama anayefika kwa mzee wa kanisa siku ya Jumatatu, jicho limevimba. Mara nyingi ataambiwa nini? Vumilia, mama. Mwombee. Jishushe. Usilitangaze jina la Bwana vibaya mbele ya mataifa. Haya tuyamalize nyumbani. Kila neno kati ya hayo ni neno la Absalomu.

Mafungu matatu hutumiwa vibaya katika saa hiyo, na yafaa darasa liyachunguze.

*Waefeso 5:22–33.* Husomwa kwa mke mpaka aya ya 24, kisha kitabu hufungwa. Aya ya 25 na kuendelea zinamwagiza mume ajitoe kama Kristo alivyojitoa, na aulishe na kuutunza mwili wa mkewe kama wake. Hakuna mtu mwenye akili anayeupiga mwili wake.

*Mathayo 18:15–17.* Ni utaratibu wa kumrudisha ndugu aliyekosa. Si pazia la kufunikia jinai. Yule Mungu aliyetoa utaratibu huo ndiye aliyeweka mamlaka ya serikali kuwa kitisho kwa watenda mabaya (Warumi 13:3, 4). Kwenda polisi si kukosa imani.

*Malaki 2:13–16.* Hunukuliwa kwamba Mungu huchukia kuachana, na hapo wengi huishia. Lakini katika aya hizo hizo Bwana anakataa sadaka za wanaume kwa sababu madhabahu imefunikwa machozi, na anashutumu wazi mtu anayejifunika udhalimu kama vazi. Mtume Petro naye anasema sala za mume asiyemheshimu mkewe huzuiliwa (1 Petro 3:7). Mume mpigaji anaweza kuongoza maombi, lakini maombi hayo hayavuki dari.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inatamka kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mwanamke aliyeumizwa apatiwe fomu ya PF3 na apelekwe hospitali au kituo cha afya. Kama amebakwa, asioge wala kufua nguo zake kwanza, na afike kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya anahusika. Kwa mtoto, simu namba 116 hupigwa bila malipo. Kutoka visiwa vya delta, safari hiyo inategemea maji ya bahari na nauli ya boti. Mwanamke aliyepigwa usiku hana nauli. Hapo ndipo mfuko wa Dorkasi unapokuwa injili.

Tangu 2009 Kanisa la Waadventista Wasabato ulimwenguni lina kampeni ya Enditnow dhidi ya ukatili, na Sabato ya nne ya Agosti imetengwa kwa ajili ya mafundisho hayo. Kampeni haiwezi kukamilika kwa mabango na fulana. Inakamilika mzee wa kanisa anapomwamini mama yule wa Jumatatu, anapomtafutia mahali salama pa kulala usiku ule, na anapokataa kumrudisha kwa mkono wake mwenyewe.

Je, kuna mtu uliyewahi kumwambia anyamaze? Unaweza kumwendea na kumwambia nini sasa?

ALHAMISI

Mshunami Anarudi Nyumbani

Soma 2 Wafalme 8:1–6. Kwa nini mwanamke huyu aliondoka? Alikuta nini aliporudi? Mfalme aliagiza mambo gani mawili?

Huyu ndiye mama aliyemjengea Elisha chumba, na ambaye mwanawe alifufuliwa. Alikuwa tajiri. Lakini njaa ilimfanya mkimbizi katika nchi ya Wafilisti kwa miaka saba, na aliporudi, nyumba na konde lake vilikuwa mikononi mwa wengine. Imani yake haikumzuia kwenda kwa mfalme. Alikwenda kulalamika.

Mfalme hakumpa pole tu. Alimteua afisa mmoja, akamwagiza amrudishie mali yote, pamoja na mapato yote ya shamba tangu siku alipoondoka. Angalia jambo hilo la afisa. Agizo bila mtu wa kulitekeleza lingempeleka mama yule kijijini peke yake, mbele ya watu waliokuwa wamekwisha kula mavuno yake miaka saba.

Watu wa Kibiti wanajua maana ya kuondoka na kurudi. Katika 2016 na 2017 viongozi wa vijiji, askari na raia waliuawa katika wilaya hii. Siku moja ya Aprili 2017 walikufa askari wanane. Familia zilihama usiku. Wajane waliachwa, wengine katika nyumba za askari, wengine katika nyumba za vijiji, na machozi yao ni ya namna moja. Kisha Aprili 2024 mafuriko yalizama mashamba ya Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani karibu na Mafia. Maji yakipungua, alama za mipaka huwa zimefutika. Mwanaume hodari huweka mpaka mpya. Mjane aliyekwenda kukaa kwa dada yake Mbagala hurudi na kukuta mpunga wa mtu mwingine katika jaruba lake.

Soma Matendo 6:1–7. Kanisa la kwanza lilipata manung’uniko kama hayo: wajane wa upande mmoja, wenye lugha tofauti, walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea kwa kunung’unika. Waliagiza wateuliwe watu saba wenye sifa njema, na majina ya hao saba ni ya Kiyunani, yaani ya upande ule ule uliosahauliwa. Matokeo yake neno la Mungu likaenea.

Kwa hiyo kundi la Sabato, hata lenye washiriki kumi na wawili, laweza kumteua “afisa” wake. Ni mtu mmoja au wawili, mmoja wao akiwa mwanamke, wanaojua njia ya kwenda kwa mtendaji wa kijiji, Baraza la Ardhi, Dawati la Jinsia na watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kazi yao ni kwenda pamoja na mama, kukaa naye kwenye benchi, kusoma karatasi kabla hajatia dole gumba, na kurudi tena juma linalofuata. Kazi hiyo haihitaji shahada. Inahitaji mtu asiyechoka, na nauli.

Ni mjane au mama gani wa kijijini kwako aliye katika hali ya Mshunami sasa hivi? Nani atakwenda pamoja naye, na siku gani?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma Luka 18:1–8 na Hesabu 36. Katika mfano wa mjane na kadhi, Yesu anafundisha juu ya maombi yasiyokata tamaa. Lakini mfano wenyewe unasimama juu ya mwanamke anayekwenda mahakamani mara kwa mara, na Bwana hamlaumu. Kudai haki na kuomba bila kukoma vimewekwa katika mtu mmoja.

Hesabu 36 inaonyesha kwamba ukoo ulileta hofu yake: binti hawa wakiolewa nje, ardhi itahama kabila. Mungu aliisikiliza hofu hiyo na kuweka mpaka. Lakini hakuwanyang’anya binti kile alichowapa. Wanaukoo wa leo wana hofu kama hiyo, na hofu hiyo inaweza kuzungumzwa na kuandikiwa utaratibu bila mwanamke kufukuzwa.

Katika kitabu cha *Huduma ya Uponyaji*, Ellen G. White ametenga sura nzima kwa ajili ya wasio na kazi na wasio na makao, na humo anarudi kwenye mpango wa ardhi ambao Mungu aliwapa Israeli. Darasa litafaidika likiisoma sura hiyo sambamba na Mambo ya Walawi 25.

Selofehadi alikufa jangwani. Binti zake hawakubaki jangwani. Waliingia katika nchi, wakapata fungu, na majina yao yakaandikwa. Ndivyo Mungu anavyowatendea watu aliowanunua kwa damu ya Mwanawe: huwapa urithi, na huandika majina yao katika kitabu cha uzima, ya wanaume na ya wanawake, bila kuuliza shemeji amesemaje. Wanaongoja urithi huo hawawezi kumnyima dada yao kipande cha tope penye mpunga.

Maswali ya Kujadili:

1. Binti za Selofehadi walikwenda watano, kwa pamoja. Kuna tofauti gani kati ya mwanamke anayedai haki peke yake na wanaokwenda kama kundi? Vikundi vya wanawake kanisani kwenu vinaweza kuitumiaje nguvu hiyo?

2. Mshiriki mwaminifu katika zaka na mwenye cheo kanisani anampiga mkewe. Baadhi wanasema akichukuliwa hatua kanisa litaaibika. Kwa kutumia 2 Samweli 13 na Malaki 2, mngejibuje?

3. Jadilini kwa upole tofauti iliyopo kati ya wafugaji waliohamia na wakulima wenyeji. Wanawake wa pande zote mbili wanafanana katika mambo gani? Je, kanisa linaweza kuwakutanisha?

4. Karani na asome mbele ya darasa: katika kaya za washiriki, ni hati ngapi za ardhi, akaunti za korosho au stakabadhi za mkopo zenye jina la mke? Kama hakuna anayejua, mteueni mtu wa kufuatilia kabla ya Sabato ya kumi na tatu.

5. Kabla ya sala ya kufunga, wapeni akina mama nafasi ya kusema bila kukatizwa. Wanaume wasikilize kama Musa alivyosikiliza.